Maziwa ya Adhuhuri

Mtoto alikuwa ameshiba, na hakuna aliyemnyonyesha.

Odeta alisimama mlangoni, jembe bado begani, akamtazama binti yake pale kitandani. Wema alikuwa amelala chali, tumbo limejaa, mdomo umeachama kidogo, na tone la maziwa likimteremka shavuni. Tangu asubuhi Odeta alikuwa shamba la bondeni akipalilia maharage, na matiti yalikuwa yamemjaa mpaka yanamuuma kila alipopiga hatua kupanda kilima. Njia nzima alikuwa akijisemea kwamba mtoto atakuwa amelia hadi koo limemkauka. Sasa amefika, na nyumba kimya. Akamwinua, akampa ziwa. Mtoto akageuza uso. Akamlaza begani na kumpapasa mgongo, na Wema akacheua maziwa mengi, meupe, yenye harufu ya uchachu na moshi wa mikaratusi. Hayakuwa maziwa yake. Mama huyajua maziwa yake.

Nje, mama mkwe wake, Petronila, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage kwenye ungo, mgongo ameupa mlango.

"Pole na shamba, mama Wema."

"Nimeshapoa, mama. Umempa Wema uji?"

"Uji? Mtoto wa miezi miwili? Mimi sijapata wazimu."

"Maziwa ya ng'ombe, labda?"

"Sijampa hata maji. Alilala tu." Petronila alisema hivyo bila kuinua uso, na vidole vyake viliendelea kuchagua mawe ambayo hayakuwamo.

Mtu akikuambia kwamba mtoto mchanga ameshinda bila kunyonya na ameamka ameshiba, utasemaje? Odeta alisema tu, "Haya, mama," maana mkaza mwana ambaye bado ni mgeni nyumbani husema haya kwa mambo mengi. Lakini aliporudi ndani aliona sakafuni, kwenye udongo uliosiribwa juzi, matone ya maziwa yakiwa yamepangana kutoka mlango wa nyuma hadi kitandani. Yalikuwa bado hayajakauka.

Nyumba hiyo ilikuwa katika kijiji cha Murukulazo, ubavuni mwa kilima, imezungukwa na migomba pande zote mpaka ukiwa njiani huoni kitu ila bati. Juvenali, mume wa Odeta, alikuwa akiziba pancha za malori pale njia panda ya Nyakanazi. Kila mwisho wa juma alikuja nyumbani ananuka mpira, akala, akalala, akaondoka. Odeta alitokea Mugoma. Hakuwa mke wa kwanza wa Juvenali, na hilo hakufichwa. Aliambiwa kulikuwa na mwanamke aitwaye Ernesta, na kwamba aliondoka. Alipouliza aliondoka vipi, alijibiwa kwamba watu huondoka.

Jambo jingine alilolikuta katika nyumba hiyo ni mgomba mmoja nyuma ya jiko. Ulikuwa mnene kuliko yote, na mkungu wake haukukatwa. Ndizi ziliiva, zikapasuka, ndege wakala, zilizobaki zikaozea hapo hapo. Siku moja Odeta alikwenda na panga, akashtukia mkono wake umekamatwa.

"Huo uache," alisema Petronila.

"Ndizi zinaharibika, mama."

"Ziache ziharibike."

Odeta akaacha. Wazee wana mambo yao, alisema moyoni, akasahau.

Sasa kila alipotoka shambani adhuhuri alimkuta mtoto ameshiba. Matiti yake yakawa yanajaa na kugeuka mawe, akawa anayakamua kwenye kikombe huku machozi yanamtoka. Halafu, asubuhi moja, Wema alipokuwa akilia, Odeta aliona ndani ya mdomo wake kitu cheupe. Ulimi ulikuwa mweupe, na ndani ya mashavu yote mawili palikuwa na mabaka kama maziwa yaliyoganda. Alifikiri ni maziwa kweli. Akafunga kitambaa safi kidoleni, akafuta polepole. Hayakutoka. Akafuta kwa nguvu kidogo, na chini ya weupe ule pakatokea wekundu, na juu ya wekundu kitone cha damu, na Wema akalia kilio ambacho Odeta hakuwahi kukisikia.

Petronila aliingia mbio. Alipotazama mdomo wa mjukuu wake akakaa pale pale sakafuni.

"Umerudi," alisema.

"Nini kimerudi, mama?"

Bibi alishika rozari yake shingoni. Alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mwanangu, sema kweli, tuko wawili tu. Tangu ujifungue, umelala na mwanamume?"

Odeta alimbana mtoto kifuani. Alijua swali hilo linaelekea wapi. Kwao Mugoma pia walisema hivyo hivyo, kwamba mwanamke akitembea nje wakati ananyonyesha, maziwa huingia uchafu, mtoto hudhoofu, mdomo huota ukungu. Husema amembemenda mtoto. Neno hilo likishatamkwa juu ya mwanamke, hakuna maji ya kulioshea.

"Hata mume wangu hajanigusa, mama. Naapa kwa huyu niliyemshika."

"Wote huapa," alisema Petronila, akainuka, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa ameshika bakuli la chumvi na kipande cha gunia. "Tumsugue kwanza. Mdomo usiposafika, ataachishwa ziwa, na wewe utarudi kwenu."

Odeta alilitazama lile gunia na kile kinywa kidogo. Hakubishana. Alijifunga kanga, akambeba mtoto mgongoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na kushika njia ya zahanati, na hakugeuka ingawa aliitwa.

Nesi wa zahanati aliitwa Claudia, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na mikono mikavu ya kunawa mara kwa mara. Alimulika mdomo wa Wema kwa tochi ya simu, kisha akamwomba Odeta afungue blauzi. Chuchu zilikuwa nyekundu, zinang'aa, zimepasuka pembeni.

"Zinawaka moto akinyonya?"

"Zinawaka, nesi. Hata akishaacha."

"Ni fangasi wa mdomoni. Wewe unao, mimi ninao, tunaishi nao bila kujua. Mtoto mchanga mwili wake bado haujajua kujikinga, kwa hiyo wanapata nafasi, wanatanda. Ona tofauti yake na maziwa: maziwa yanafutika, hawa hawafutiki, ukilazimisha unamtoa damu. Sasa mdomo wake unakuambukiza wewe, na ziwa lako linamrudishia yeye. Nikimtibu mmoja nikamwacha mwingine, tunacheza tu."

Akampa chupa ndogo ya dawa ya njano yenye kidondoshi. Tone upande huu wa shavu, tone upande huu, mara nne kwa siku, akishanyonya, si kabla, ili dawa isiondolewe na maziwa. Na dawa ya kupaka kwa mama. Kila anachotia mdomoni kichemshwe.

"Usimsugue. Usiweke chumvi, usiweke majivu, usiweke asali. Na usimwachishe ziwa hata siku moja."

Odeta alikuwa akiitazama chupa. "Nesi, siyo kubemendwa?"

Claudia alimtazama usoni. Alikuwa mzaliwa wa huko huko, alijua kilichoulizwa.

"Hakuna aliyembemenda mtu. Fangasi huyu hamuui mtoto anayenyonya vizuri. Kinachoua ni kumtoa ziwani, na kumchubua mdomo mpaka hawezi kumeza. Nimewaona. Mwambie hivyo aliyekuambia."

Odeta alimwambia Petronila hivyo, neno kwa neno, na akashangaa kuona mama mkwe wake anapauka kana kwamba ametukanwa. Bibi alitoka nje, akazunguka nyuma ya jiko, akakaa huko mpaka giza.

Dawa ilifanya kazi. Mdomo wa Wema ukasafika, ukawa mwekundu wa kupendeza, na Odeta akaimba akifua. Furaha hiyo haikufika mbali. Weupe ukarudi, ulimini kwanza, kisha mashavuni. Akaenda tena zahanati, akapewa tena, akapaka, akadondosha, akachemsha hata visivyochemshwa. Ukaondoka. Ukarudi. Nesi akampima mtoto damu asije akawa na jambo jingine linalomdhoofisha, majibu yakawa mazuri. Na nyumbani Petronila aliacha kuzungumza naye, ila jioni moja alisema, akitazama moto, "Weupe ukirudi tena, mtoto nitamtoa ziwani kwa mikono yangu. Sitakaa nizike mwingine."

Lile neno "mwingine" lilibaki hewani. Odeta hakuthubutu kuliokota.

Safari iliyofuata nesi Claudia aliutazama ule mdomo, akazima tochi, akakaa.

"Mama Wema, nakuamini. Chuchu zako zimepona kabisa. Maradhi hayatoki kwako." Akashusha sauti, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. "Kuna mwanamke mwingine anayemnyonyesha huyu mtoto. Shangazi, jirani, sijui. Simaanishi vibaya, watu husaidiana. Lakini aje, tumtibu na yeye. La sivyo atakuwa anamrudishia kila siku."

Odeta alifungua mdomo aseme hapana. Akakumbuka tumbo lililojaa. Akakumbuka harufu ile ya moshi wa mikaratusi, na matone yale sakafuni, yanayotoka mlango wa nyuma. Pale pale, katika chumba chenye jua na mizani ya watoto, akamkumbatia Wema kwa mikono miwili.

Njiani alimpigia Juvenali simu. Malori yalikuwa yakinguruma nyuma yake.

"Kuna kitu kinakuja kumnyonyesha mtoto," alisema Odeta.

Mumewe akasema kwa haraka, "Madereva wa Tanga wanasema yapo majini ya hivyo. Yanazurura jua likiwa la utosi. Nitaleta mtu aizindike nyumba."

"Ernesta yuko wapi, Juvenali?"

Malori yakanguruma.

"Alikufa," alisema, na simu ikakatika.

Kesho yake Odeta aliaga kama kawaida, jembe begani. Alishuka mpaka kwenye kona ambapo migomba inaficha njia, akaweka jembe chini, akarudi kwa kupitia nyuma, akajibanza jikoni. Ukuta wa jiko ulikuwa na ufa unaotazama uani. Akamwona Petronila amekaa kwenye mkeka na ungo wake. Jua lilipanda. Vivuli vya migomba vikajikunja hadi kwenye mashina. Kuku waliokuwa wakiparua uani wakaacha, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kujificha chini ya ghala. Hata nzi walinyamaza.

Ndipo akaona jambo lililomuumiza kabla hajapata muda wa kuogopa. Petronila aliweka ungo chini, akageuza mkeka, akakaa mgongo kwa mlango. Akajifunika kanga kichwani. Akaanza kulia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

Kisha sauti ikasikika kutoka ndani ya nyumba. Ilikuwa sauti ya mtoto anyonyaye, ile ya kumeza na kupumua puani, kumeza na kupumua puani, sauti ambayo Odeta aliipenda kuliko zote duniani. Juu ya sauti hiyo kulikuwa na mwanamke anaimba kwa kunong'ona, wimbo wa kubembeleza wa Kihangaza, ila kila alipofika mahali pa kutaja jina la mtoto alinyamaza, akaanza upya.

Odeta alitoka jikoni. Hakujua amevukaje ua, alichojua ni kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi na harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa nzito kiasi cha kuishika kwa mkono, na moshi ule wa mikaratusi ukiwamo ndani yake, na matone yalikuwa mapya, meupe, yakimwongoza hatua kwa hatua mpaka ukingoni mwa kitanda ambako mwanamke alikuwa ameketi na Wema mapajani, mwanamke mwembamba mwenye blauzi iliyolowa kuanzia kifuani hadi kiunoni, inayodondoka, inayodondoka bila kukoma, na ziwa alilokuwa amelitoa lilikuwa limevimba mpaka ngozi imekuwa nyeusi na kung'aa, limepasuka kwenye chuchu, na juu ya mpasuko ule, na ndani ya mdomo wa mtoto, palikuwa na weupe ule ule mmoja.

Mwanamke aliinua uso. Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa msichana, mdogo kuliko Odeta, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetafuta kitu mpaka akachoka.

"Huyu si wangu," alisema. "Najua si wangu. Wangu mmemweka wapi?"

Odeta alinyoosha mikono, na mwanamke yule, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akamweka Wema mikononi mwake. Mtoto alikuwa na baridi ubavu mmoja, ule uliomwegemea. Odeta alipomaliza kumfunika na kutazama tena, kitandani palikuwa na shuka lililolowa tu.

Alitoka nje. Petronila hakuwa amegeuka.

"Unamsikia kila siku, mama."

"Namsikia."

"Na unamwacha."

"Nitamzuiaje?" alisema Petronila kutoka ndani ya kanga. "Nilimzuia mara moja."

Odeta akaketi kwenye mkeka mbele yake, akamlazimisha kumtazama. Wakazungumza kwa kunong'ona, mchana kweupe, wanawake wawili wenye nyumba yao wakiogopa kusikika ndani yake.

"Alikuwa na mtoto," alisema Petronila. "Abeli. Wa kiume. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko huyu wako. Mdomo wake ukawa mweupe, nikasema Ernesta amembemenda. Aliapa, kama wewe. Nikamsugua mtoto kwa chumvi, mdomo ukawa kidonda. Nikamtoa ziwani, nikampa uji mwepesi, hakuweza kumeza. Alikuwa analia mle chumbani, na mama yake analia huku nje, maziwa yanamchuruzika, ananiomba. Juvenali alikuwepo. Alinisikiliza mimi." Akashika rozari. "Nilimzika mwenyewe, alfajiri."

"Na Ernesta?"

"Kwetu mtoto wa ziwa akifa, mama yake hupelekwa kaburini kukamulia. Anakamua maziwa pale juu ya udongo, anamwambia mtoto nyonya mara ya mwisho, uende. Hapo ndipo ziwa hukubali kukauka. Lakini aliyebemenda haonyeshwi kaburi. Ndivyo nilivyoambiwa na mama mkwe wangu. Alipiga magoti hapo ulipokaa, Odeta. Akasema, mama, sitaki kingine, nionyeshe tu alipolazwa mwanangu nimkamulie. Nikamfungia mlango."

Odeta alijua sasa, hata kabla ya kuambiwa. Akageuza macho kuelekea nyuma ya jiko.

"Nilipanda mgomba juu yake asije akapaona," alisema Petronila.

Yaliyobaki aliyasema Juvenali alipofika jioni, akiwa amesimama uani na mkoba wake, hataki kuingia. Ernesta alikwenda Nyakanazi, akapata kazi ya kuosha vyombo na kuchochea kuni za mikaratusi kwa mama lishe mmoja. Ziwa halikukauka. Lilivimba, likawa jipu, na yeye hakumwambia mtu, maana angesemaje? Angesema maziwa ni ya mtoto gani? Alikutwa amekufa katika chumba cha kupanga, godoro limelowa. Wanawake wa sokoni ndio waliomzika. Yeye, Juvenali, alisikia siku tatu baadaye, akaendelea kuziba pancha.

"Mtu wa kuzindika yuko njiani," alisema.

"Mrudishe," alisema Odeta. "Atamfukuza aende wapi?"

Juvenali akamtazama mama yake. Petronila alikuwa akitazama chini.

"Siwezi kumwambia," alisema bibi. "Nitaanzaje? Afadhali mganga."

Odeta hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha hata hapo. Alimfungua Wema, akamwonyesha bibi yake mdomo ule, ulimi mweupe, mashavu meupe.

"Atamnyonyesha huyu mpaka ampate wa kwake, mama. Nitadondosha dawa mpaka nizeeke. Ni wewe tu unayejua. Mimi nikienda kumwonyesha mgomba, ataniamini kwa lipi? Mlango uliufunga wewe."

Kesho yake, jua lilipofika utosini, walisimama wote watatu uani, bila mganga. Kuku wakaenda chini ya ghala. Nzi wakanyamaza. Wema alikuwa kifuani kwa mama yake, amefungwa kwa kanga mbili. Ndani ya nyumba wimbo ulianza, ukafika mahali pa jina, ukanyamaza.

"Abeli," alisema Petronila kwa nguvu.

Kimya.

"Ernesta, mwanangu. Anaitwa Abeli, ulimwita wewe jina hilo, mimi nikakataza lisitajwe humu. Toka. Mlango uko wazi." Alipiga magoti, na kwa umri wake kupiga magoti ilikuwa kazi, akashika udongo. "Nilisema umembemenda. Si kweli. Yalikuwa maradhi ya mdomo, yana dawa, nesi ameniambia kwa kinywa cha huyu. Hukumuua wewe. Maziwa yako yalikuwa mazuri. Ni mimi niliyemsugua, na ni mimi niliyemnyima. Njoo nikuonyeshe."

Akaanza kutambaa. Hakuinuka, alitambaa kwa magoti kuelekea nyuma ya jiko, na mwanawe alipotaka kumshika akamsukuma. Odeta ndiye aliyeona tone la kwanza likidondoka kizingitini. Kisha la pili, uani, kwenye vumbi, likifanya doa jeusi. Hapakuwa na mtu. Matone yalikuja polepole, yakisimama, yakiendelea, kama hatua za mtu asiyeamini anakopelekwa. Yalimpita Juvenali, na Juvenali akaziba uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Yalifika kwenye mgomba.

"Ni hapa," alisema Petronila. "Kichwa kimeelekea nyumbani."

Majani ya mgomba yalitikisika ingawa upepo haukuwepo. Kisha ardhi ya pale chini ikaanza kulowa. Ililowa mbele ya macho yao, weupe ukizama kwenye udongo, mwingi, mwingi zaidi ya unavyoweza kutoka kwa mwanamke mmoja, na harufu ile ya uchachu ikawa inapungua, inapungua, mpaka ikabaki harufu ya maziwa mabichi peke yake. Walisikia wimbo. Ulifika mahali pa jina, na jina likaimbwa.

Odeta alikaa kwenye majani makavu, akamnyonyesha Wema hapo hapo, na alipomaliza kunyonya akatoa chupa ya njano mfukoni. Tone upande huu wa shavu, tone upande huu. Petronila alikuwa akimtazama.

"Naye mdomo wake ulikuwa mweupe," alisema bibi. "Alizikwa hivyo. Kidonda kitupu."

Odeta alimpa chupa. Petronila aliinama mpaka chini, akadondosha kwenye udongo uliolowa, tone upande huu, tone upande huu.

Mdomo wa Wema ulisafika na weupe haukurudi tena. Odeta akitoka shambani humkuta analia kwa njaa, na kilio hicho humfanya apande kilima mbio huku anacheka. Juvenali alikwenda Nyakanazi na jeneza, akarudi na mwili wa Ernesta, akamlaza chini ya mgomba pamoja na mwanawe. Kiangazi kilikuja, mashamba yakapasuka, migomba mingine ikanyauka majani. Chini ya ule mmoja udongo uko mbichi kila adhuhuri.

Chupa ile iliisha zamani, na Petronila hakukubali itupwe. Jua likifika utosini anaiweka kwenye kiganja na kuzunguka nyuma ya jiko, anakaa chini, anainamisha kichwa akisikiliza. Odeta alimwita mara moja aje kula. Bibi akamwashiria kwa mkono asubiri, akanong'ona, "Bado ananyonya," na alipotosheka kwamba mtoto amemaliza kunyonya, akaipindua ile chupa tupu juu ya udongo, upande huu, na upande huu.